Shajara ya albamu: nyimbo 10 za kantri kwa Kiswahili, Nakuru

Februari, wiki ya kwanza

Nyimbo 17 zilipigwa mezani kwa gitaa moja na sauti moja. Zimebaki 10. Tatu ni za mapigo matatu, sita za mapigo manne, moja ni shafo (mdundo wa kurukaruka). Ya polepole kuliko zote ina mapigo 68 kwa dakika, ya haraka 126. Albamu nzima inakadiriwa kufika dakika 36. Hakuna wimbo ulioruhusiwa kupita dakika 4 na nusu: kantri ni hadithi, na hadithi ikishamalizika hakuna sababu ya kuendelea kuzunguka kwenye kiitikio.

Kila wimbo una karatasi moja, na karatasi hiyo haina jina la kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) hata moja. Tunaandika kwa namba, mtindo ambao Neal Matthews wa kundi la The Jordanaires aliuanzisha Nashville, Marekani, kitovu cha kantri, mwishoni mwa miaka ya 1950, na Charlie McCoy akauzoesha kwa wapigaji wengine wa studio. 1 ni kodi ya nyumbani, nyingine zinahesabiwa kutoka hapo. Kwenye kii (ufunguo wa wimbo) ya G, 1 ni G, 4 ni C, 5 ni D. Kodi ya huzuni inawekewa kistari, kwa mfano 6-. Namba mbili zilizopigiwa mstari chini zinagawana kipimo kimoja, yaani kundi moja la mapigo. Namba iliyozungushiwa umbo la almasi maana yake piga mara moja, iache ilie mpaka kipimo kiishe.

Faida ilionekana siku ya pili. Wimbo wa 3 ulikuwa G, na kwenye kiitikio cha mwisho sauti ya mwimbaji ilikuwa inabanwa. Tukashuka hadi F. Mpiga gitaa kavu alifunga kapo (kibano cha nyuzi) freti ya 3 na kushika maumbo ya D, mpiga besi akasogeza mkono, na karatasi zilibaki zilezile. Kwa karatasi za herufi, hapo ni nusu saa ya kufuta na kuandika, na lazima mmoja asahau kipimo kimoja.

Februari, wiki ya pili: maneno

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Kosa tulilolisikia mara nyingi kwenye kantri ya Kiswahili ni lahani iliyochukuliwa kwenye Kiingereza kisha Kiswahili kikasukumwa ndani yake. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, kwa hiyo mstari hupenda kuishia kwenye pigo zito. Neno la Kiswahili kwa kawaida lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho ni nyepesi. Ukiiweka hiyo nyepesi kwenye pigo la kwanza la kipimo, mwimbaji analazimika kuibana, na msikilizaji anasikia mtu anayesoma Kiswahili kama mgeni.

Mstari wa kwanza wa wimbo wa 5, wa mapigo matatu:

Mvua imenyesha Molo, barua haijafika.

Mizani 8 kwa 8, kama shairi la kawaida. Mvua hapa ni mizani 2, si 3, kwa sababu m na v zinatoka pamoja. Lahani ya kwanza ililifikisha lo la Molo kwenye pigo la kwanza la kipimo cha nne, ikawa mo-LO. Tulipanga upya hivi: mvu kwenye pigo la kwanza, a la pili, i-me zikagawana la tatu. Kipimo cha pili, nye inashika mapigo mawili, sha moja. Kipimo cha tatu, mo mawili, lo moja. Kipimo cha nne hakina neno, isipokuwa ba ya barua inayodokeza kwenye pigo la mwisho.

Kile kipimo cha nne kilicho wazi ndicho albamu yote. Kila mstari ukishuka kwa silabi nyepesi unaacha mlango, na stili (gitaa la kulazwa linalopigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi) au fidla inaingia mlangoni hapo kujibu. Mapema tuliandika sheria moja juu ya kila karatasi: mwimbaji akiwa na neno mdomoni, hakuna anayepiga lahani. Anayesubiri asubiri.

Jambo jingine la maneno: m na n zinazosimama peke yake. Mtu ni mizani 2, na ile m inataka noti yake. Nchi nayo, mkazo wenyewe uko kwenye n. Mwimbaji akiimba mtu kwa noti moja, neno linamezwa. Tulizitafuta kwenye nyimbo zote 10 na kuzizungushia kalamu nyekundu: zilikuwa 23. Kumi na tisa zilipewa noti. Nne zilikaa vibaya kwa kila njia, tukabadilisha neno.

Na kwa anayedhani jambo hili ni geni Bonde la Ufa: mwaka 1950, upande wa Kericho, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwao kabla ya mwenye kinasa sauti. Waliimba kwa lugha yao, na mkazo wao ulikaa mahali pake.

Februari, wiki ya nne: chumba na vyombo

Chumba ni mita 5.2 kwa 4.1, dari mita 2.7, paa la mabati. Kuta mbili zimefungwa fremu za mbao zenye sufi ya madini sentimita 10, zikiachwa sentimita 5 kutoka ukutani. Kona zote nne zimejazwa hadi juu, maana besi hukusanyika konani.

Hewa ya Februari ni kavu. Kipima unyevu kilisoma asilimia 34, na gitaa kavu lilikuwa limeanza kuumwa: uso wake ulizama, nyuzi zikashuka, freti ya 2 na ya 3 zikaanza kukwaruza. Usikimbilie kukaza chuma cha shingo. Chombo kina kiu tu. Sponji iliyolowekwa na kukamuliwa ikawekwa kwenye kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, kisanduku kikaingia ndani ya kasha pamoja na gitaa. Baada ya siku mbili kipimo ndani ya kasha kilikuwa asilimia 48 na nyuzi zimepanda zenyewe. Tunakaa kati ya 45 na 55.

Nyuzi ni za fosfa-bronzi, unene 12 hadi 53 (sehemu za elfu za inchi), zinafungwa siku moja kabla na kupigwa saa nzima. Mpya kabisa zinang'aa kupita kiasi na hazishiki tyuni; za mwezi zimeziba.

Machi: msingi

Dramu, besi na gitaa kavu vinarekodiwa pamoja, mwimbaji akiimba sauti ya muongozo. Mtu mmojammoja kufuata metronomu kunaleta usahihi, lakini besi na dramu ya mguu zinakuwa wageni wawili kwenye basi moja. Metronomu inasikika kwa mpiga dramu peke yake. Wengine wanamfuata yeye.

Gitaa kavu liko kwenye korido, mlango umefungwa, mablanketi mawili mazito nyuma ya mpigaji. Maiki ni moja ya kondensa yenye kiwambo kidogo, sentimita 22 kutoka freti ya 12, ikielekea pale shingo inapokutana na mwili. Ukiielekeza kwenye tundu unapata mlio wa pipa.

Dramu ina maiki nne tu: ya mguu, ya sneya, na mbili za juu. Zile mbili za juu zilipimwa kwa kamba kutoka katikati ya sneya, sentimita 95 kila moja. Kamba ni kifaa cha bei rahisi kinachookoa siku nzima. Siku ya kwanza zilikuwa 95 na 108; tulipozichanganya katika sauti moja ya katikati, sneya ilikonda kama imetolewa ngozi, kwa sababu mawimbi yalifika kwa nyakati tofauti na kufutana. Kwa vyombo vinavyokaa karibu, tunashika kanuni ya tatu kwa moja: ikiwa kila maiki iko sentimita 20 kutoka chombo chake, kati ya maiki na maiki ziwe angalau sentimita 60.

Nyimbo nne zinapigwa kwa brashi, mtindo wa treni: mkono unakimbia bila kusimama juu ya sneya, mkazo ukiangukia pigo la 2 na la 4. Kosa la kawaida ni kubonyeza brashi. Ikibonyezwa inakuwa fimbo mbovu. Inatakiwa ifagie.

Besi ina nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, na kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja ili noti isitambae. Kazi yake ni mzizi kwenye pigo la 1, ya tano kwenye pigo la 3, na noti mbili tatu za kupanda pale kodi inapobadilika. Kwenye nyimbo mbili besi imefuatwa noti kwa noti na gitaa la baritoni lililozibwa kwa kiganja. Ule mlio wa tiki-tiki ulisikika kwenye rekodi nyingi za Nashville za miaka ya 1960, na una faida ya leo pia: kwenye spika ya simu, ambayo haitoi besi, tiki-tiki ndiyo inayokuonyesha besi iko wapi.

Tatizo la Machi lilikuwa mvumo. Telecaster, gitaa la umeme, ina vidaka sauti vya koili moja moja, na hivyo hudaka umeme wa ukutani: 50 Hz na ndugu zake 100 na 150. Ulikuwa mkubwa kiasi cha kusikika kati ya noti. Tuligawa shida vipande. Taa zenye swichi ya kupunguza mwanga zilizimwa, mvumo ukapungua nusu. Transfoma ya amplifaya iliondolewa karibu na kiti. Mwisho mpigaji aligeuzwa na kiti chake polepole mpaka mvumo ukakaribia kuisha, ikawa anaangalia dirisha. Sakafuni kuna alama nne za utepe mweupe, miguu ya kiti inakaa hapo kila siku.

Hadi Machi 28: misingi 10 imekamilika. Wastani wa teki, yaani mara za kurekodi, ni 4 kwa wimbo. Wimbo wa 8 ulikula teki 11, kasi ilikuwa 92 na ulitaka 88.

Aprili: mvua, fidla na gitaa la nyuzi nyembamba

Mvua za masika zimeingia. Chini ya mabati hakuna maiki inayoshinda mvua, na kuichuja kwa programu kunaondoka na hewa ya fidla. Ratiba imegeuzwa: kila kinachohitaji maiki ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Alasiri, mvua inapoanza, ni kazi za waya tu: besi iliyochomekwa moja kwa moja, kuchagua teki, kusafisha vikohozi na mikwaruzo ya viti.

Gitaa la pili limefungwa kwa mtindo wa Nashville: nyuzi mbili za chini mkononi, zile nyembamba, zinabaki zilivyo, 10 na 14, na zile nne za juu mkononi zinabadilishwa kwa nyembamba zinazolia oktavu moja juu, 9, 12, 18 na 27. Ni sawa na kuchukua gitaa la nyuzi 12 ukaondoa zile nene. Kwenye kiitikio linapiga mdundo uleule wa gitaa kavu, likiwa upande wa pili wa spika. Unasikia mng'ao tu na hakuna tope jipya kwenye 200 Hz. Tahadhari: ule uzi wa 9 unakatika haraka ukivutwa. Nunua mitano.

Fidla imerekodiwa kwa maiki ya ribini, sentimita 80 juu, upande wa uta, si usoni. Karibu zaidi ya hapo rosini inasikika kama msumeno.

Aprili: stili

Mpiga stili ya pedali tuliyempata yuko Marekani, anarekodi kwake na kutuma. Stili yake ni E9, nyuzi 10. Pedali A hupandisha B kuwa C#, pedali B hupandisha G# kuwa A. Akizikanyaga zote mbili bila kusogeza chuma, kodi ya 1 inayeyuka kuwa 4. Ule mvuto ambao watu wengi huuita kilio cha kantri ni huo: noti mbili zinapanda, ya tatu imesimama palepale.

Tulichotuma kwa kila wimbo wa mwanzo: traki 14 za WAV, biti 24, 48 kHz, zote zikianzia sekunde sifuri hata kama chombo kinaingia dakika ya pili; karatasi ya namba; kasi; tyuni A=440. Traki moja ni karibu MB 8.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 3 na nusu unafika MB 420 hivi. Ilitosha kutuma traki 3, miksi bila sauti, sauti peke yake, na metronomu. Nyimbo zilizofuata tulituma hivyo.

Faili za kwanza zilirudi zikiwa chini kwa nusu toni moja na nusu hivi, na wimbo wa dakika 3 ukawa dakika 3 na sekunde 16. Nambari hizo mbili kwa pamoja zinakutajia mgonjwa: faili ya 48 kHz imesomwa kama 44.1. Usimwombe mpigaji arudie, wala usinyooshe sauti kwa programu. Rekebisha kiwango kilichoandikwa kwenye faili na kila kitu kinarudi mahali pake.

Tatizo la pili halikuwa la faili. Wimbo wa 2 na wa 9 stili ilionekana imetoka tyuni ilipokutana na kinanda, ingawa peke yake ilikuwa tamu. Sababu ni kwamba wapigaji wengi wa stili huilegeza noti ya tatu ya kodi kidogo, hata senti 10 hadi 14 chini ya ile ya kinanda, ili kodi isitikisike. Kinanda hakilegei. Zikilia pamoja zinagombana. Dawa: mkono wa kulia wa kinanda uliondoa noti ya tatu kila mahali stili inapolia, ikabaki ya kwanza na ya tano. Ugomvi uliisha, na hakuna aliyeona kinanda kimepungua.

Mei: sauti

Maiki ya kondensa yenye kiwambo kikubwa, kichujio cha pumzi, sentimita 12. Mwimbaji akishuka noti za chini hujisogeza karibu bila kujua, na maiki za aina hii huongeza besi kadiri unavyokaribia. Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani ambaye bado anapigwa redioni Kenya, alijulikana kwa kuimba karibu sana na kwa sauti ya chini, na ule unene ni sehemu ya mvuto wake. Lakini karibu lazima kuwe karibu wimbo mzima. Kwenye wimbo wa 6 beti zilikuwa nene na kiitikio chembamba, kama watu wawili. Tulirekodi upya tukiwa na penseli imefungwa kwenye stendi, ncha yake ikiwa usawa wa pua.

Kila wimbo una teki 5, na uchaguzi unafanywa kwa mstari mzima, si silabi. Pumzi ya mwanzo wa mstari inabaki. Ukiikata, mstari unaanguka kutoka mbinguni.

Sauti za kuitikia ni mbili: moja noti ya tatu juu ya mwimbaji mkuu, nyingine noti ya tano chini yake. Kiswahili kinatusaidia sana hapa: karibu kila neno linaishia kwa irabu, kwa hiyo hakuna zile t na k za mwisho zinazofika kwa zamu. Shida iko mwanzoni, kwenye s, sh na ch. Watu watatu wakisema shamba unasikia nyoka watatu. Waitikiaji wameambiwa wazilegeze kabisa, karibu waseme amba. Anayetamka sh ni mwimbaji mkuu peke yake. Ukisikiliza pamoja neno ni kamili.

Umeme ulikatika mara mbili katikati ya teki. Betri ya akiba inabeba kompyuta na intafesi dakika 12, programu inahifadhi kila dakika 2. Hakuna kilichopotea.

Mei, wiki ya tatu: miksi

Tunaanza na sauti ikiwa peke yake, kisha gitaa kavu, besi, dramu, na vyombo vya kujibu, stili na fidla, mwisho. Wengi huanza na dramu ya mguu, na mwisho wake mwimbaji anatafutiwa nafasi nyumbani kwake mwenyewe.

Gitaa kavu limekatwa chini ya 100 Hz na kupunguzwa dB 3 kwenye 250. Stili iko kulia kidogo, fidla kushoto kidogo. Mwangwi wa sauti ni wa sahani (mtetemo wa bamba la chuma), sekunde 1.8, ukichelewa milisekunde 50 ili neno lipite kwanza.

Jaribio letu ni moja: mtu asiyeujua wimbo anausikiliza mara moja kwenye spika ya simu na kuandika maneno. Wimbo wa 7 aliandika nakuonja mahali pa nakungoja. Neno ni zima kwenye traki ya sauti. Kosa lilikuwa mchapo wa gitaa kavu uliotua juu ya ng hasa pale inapofunguka. Gitaa limeshushwa dB 2 kwenye pigo hilo moja, mara tatu katika wimbo. Msikilizaji wa pili aliandika nakungoja.

Juni 2: masta na yaliyobaki

Masta (nakala ya mwisho) ya kwanza ilifika −9 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, na ikaua brashi, ile fagia yote ikawa mluzi. Ya sasa ni −11.5, kilele −1 dB. Spotify husawazisha hadi −14, hivyo itaishusha kwa vyovyote. Kelele ya ziada ingelipiwa kwa brashi na isifike popote. Kati ya wimbo na wimbo kuna sekunde 2, isipokuwa kabla ya wimbo wa 5, sekunde 3 na nusu.

Fomu ya mgawo wa utunzi imesainiwa na wote kwa asilimia, wimbo kwa wimbo. Kila rekodi imepewa msimbo wake wa ISRC (kitambulisho cha kimataifa cha rekodi), herufi na tarakimu 12, na msimbo umeandikwa ndani ya faili ya masta.

Nyimbo 9 zimefungwa. Wa 8 bado: kwenye ubeti wa tatu fidla inaingia kabla neno mama halijaisha, na kuishusha sauti hakutoshi kwa sababu uta umeshaanza. Inarekodiwa upya Jumanne saa 2 asubuhi, vipimo 16 tu, maiki sentimita 80.